Vikao Vitano vya PM+ Kawangware: Uzoefu Wangu

Kama unatafuta mtu wa kukupa pole na kukuambia yatapita, huduma hii utaiona kavu. Wa kunipa pole nilikuwa nao tele. Nilichokosa ni mtu wa kukaa nami chini tukaitazama shida yenyewe, na huyo nilimpata kwenye vikao vya PM+, bila kulipa senti, katika kituo cha afya hapa Kawangware, Nairobi. Anayeviendesha ni mama ambaye kazi yake ya kila siku ni kupita nyumba kwa nyumba akiuliza kama watoto wamechanjwa na kama choo kina maji ya kunawa.

Nieleze kwanza ni kitu gani, maana jina lenyewe halisemi mengi. Kirefu chake ni Problem Management Plus. Ni utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, na mwongozo wake ulitoka mwaka 2016. Mnakutana mara moja kwa wiki, dakika 90 hivi, kwa wiki tano. Anayekusaidia si daktari wala mwanasaikolojia. Ni mtu wa kawaida aliyefundishwa kazi hiyo na anayesimamiwa na mtaalamu. Sisi wa Nairobi tuna haki ya kujidai kidogo, kwa sababu jaribio mojawapo kubwa la mwanzo lilifanyika kwenye vitongoji vya jiji hili, kwa wanawake zaidi ya 400, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, na wahudumu wa afya ya jamii ndio walioendesha vikao. Matokeo yalichapishwa 2017. Miezi mitatu baada ya vikao, waliopitia PM+ walikuwa wamepunguziwa dhiki kuliko wenzao walioelekezwa tu kwa wauguzi wa vituo vya afya.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Januari hulali kwa oda, ikifika Machi unakaa mlangoni unahesabu wapita njia. Mwaka mume wangu aliposimamishwa kazi, hiyo Machi ilitukuta na mikopo ya simu, na mkopo mmoja ulikuwa unalipa mwingine. Nikawa naamka saa tisa usiku na sirudi tena kulala. Kichwa kiliniuma upande mmoja. Nilipimwa presha, nikapimwa malaria, nikapimwa macho, vyote salama. Hapo ndipo muuguzi alipotoa karatasi nyingine akasema, “Mama, hebu nikuulize maswali haya.”

Ilikuwa PHQ-9 ya Kiswahili, karatasi ya kupima dalili za sonona. Maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila swali lina majibu manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Kila jibu lina alama, sifuri hadi tatu, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 27. Liko swali la kushindwa kutuliza akili kwenye jambo, kama vile kusoma gazeti au kutazama televisheni. Nikamuuliza kama kukata kaptula kunahesabika, maana magazeti sisomi. Akacheka, akaniambia kunahesabika sana.

Swali la tisa ni lile la kuona afadhali ufe, au kufikiria kujidhuru. Nitue hapo kidogo, kwa sababu najua wengi hulidanganya. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo kilifika miaka miwili. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtaani habari hiyo haijafika vizuri. Jirani yangu bado anaamini ukijibu “ndiyo” pale utaitiwa polisi. Mimi nilijibu kwa ukweli, na kilichofuata kilikuwa maswali mengine mawili matatu yaliyoulizwa taratibu: kama nina mpango, kama nimewahi kujaribu, nani yuko nyumbani usiku. Hakuna aliyeinua simu.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha maelezo na pumzi. Unaweka mkono tumboni, unavuta hewa polepole hadi tumbo linatuna kama puto, unaishusha polepole. Sikuvutiwa. Nilitoka Kilifi nikijua kupumua. Lakini ile saa tisa ya usiku, mwili ukiwa umekaza na moyo unadunda, nilijaribu kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya, na mabega yalishuka. Usingizi haukurudi siku hiyohiyo. Kwa kutuliza mwili naipa alama nzuri, ingawa deni halijui kama umepumua au hujapumua.

Kazi yenyewe ilianza kikao cha pili. Dada (ndivyo nilivyomwita yule msaidizi wangu, na yeye aliniita mama) aliniambia nitaje kila kinachonisumbua, akayaandika. Kisha tukayagawa: yanayotatulika, yasiyotatulika na mimi, na yasiyo na uzito. Mwajiri wa mume wangu kumrudisha kazini kulienda kwenye yasiyotatulika. Maneno ya mama mkwe kuhusu ugali wangu yalienda kwenye yasiyo na uzito, na nilimwomba ayaandike kwa herufi kubwa. Tukabaki na deni.

Alikataa neno “madeni”. Alitaka lisemwe kwa namna ambayo mtu akilisikia anajua aanzie wapi. Tukazunguka mpaka likawa hivi: nakopa kwenye simu moja kulipa nyingine, na sijakaa na mume wangu tukajua jumla ni ngapi. Baada ya hapo nitaje njia zote, hata za kipuuzi. Kuuza cherehani. Kurudi Kilifi. Kuzima simu. Kuomba chama chetu cha kuchangiana pesa kinipe zamu yangu mapema. Kuchukua kazi ya kupunguza na kupanua nguo badala ya kungoja sare. Zote ziliandikwa, hakuna iliyochekwa.

Hapa ndipo alinikera, nami nitasema. Nilimuuliza, “Dada, wewe ungefanya nini?” Akanijibu kwamba yeye hapangi, mimi ndiye ninayepanga. Nikarudia kuuliza, naye akarudia jibu. Nilitamani kumpokonya ile kalamu. Baadaye nilielewa kwamba mwongozo unamkataza kutoa ushauri wake mwenyewe, na kwamba angeniambia niuze cherehani ningeuza, kisha ningemlaumu maisha yangu yote. Nilichagua chama. Tukapanga siku ya kumpigia mweka hazina, saa gani, nitasema nini, na nifanye nini akikataa. Hakukataa.

Sehemu iliyonisaidia zaidi ya zote ni ile ya kuanza kufanya tena. Dada alinichorea duara kwenye karatasi: ukiwa na mawazo unaacha kufanya mambo, ukiacha kufanya unajiona hufai, ukijiona hufai unazidi kuacha. Cherehani yangu ilikuwa imefunikwa leso, na juu ya leso nilikuwa nimeweka nguo za kufua. Nilidhani kazi yangu ya wiki itakuwa kushona oda nzima. Akasema hapana, ondoa nguo, ondoa leso, tia mafuta, funika tena. Basi. Siku nyingine nitie uzi. Siku nyingine nipige pindo moja kwenye kitambaa cha kutupa. Niliona aibu kumwambia mume wangu kwamba eti hiyo ndiyo dawa niliyopewa. Lakini mkono ukishagusa gurudumu la cherehani hauishii pindo moja. Kabla ya kikao kilichofuata nilikuwa nimeshabadilisha zipu ya sketi ya mtoto wa jirani, na nimelipwa.

Kikao cha nne kiligusa watu wa kuegemea. Nilimwambia dadangu aliye Mtwapa hali ilivyo, naye sasa hunipigia kila Jumapili. Hilo halikuwa gumu, ni simu tu.

Cha tano kina zoezi ambalo nililipenda kuliko nilivyotegemea. Unasomewa habari ya mtu wa kubuni mwenye shida, unaulizwa wewe ungemsaidiaje kwa yale uliyojifunza. Yangu ilikuwa ya mtu aliyejifungia ndani, hataki kuonana na mtu. Nikajikuta naeleza duara lile bila kutazama karatasi, nikamwagiza afungue dirisha kwanza, habari ya kutoka nje ije baadaye. Dada aliandika tu, hakuniongoza.

Sasa kasoro, na zipo. Kubwa ni siri. Chumba tulichotumia kimetenganishwa na kliniki ya watoto kwa ubao usiofika juu. Nalia upande huu, upande wa pili mtoto analia kwa sindano, na mama yake anasikia kila kitu. Pia, msaidizi anaishi mtaa wetu. Alinieleza mwanzoni kwamba tunayosema hayatoki, isipokuwa maisha yangu au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, na sijasikia lolote likinirudia. Hata hivyo, siku ya kwanza nilipokutana naye sokoni kwenye sukuma wiki nilitaka kugeuza njia. Mwenye jambo zito la ndoa, lenye majina ya watu wa mtaa, afikirie kuomba msaidizi wa eneo jingine. Inawezekana, ukiomba.

Kasoro nyingine ni kwamba utaratibu huu unapenda shida yenye kushikika. Kwangu lilikuwa deni, likashikika. Mwenzangu tuliyekuwa tukipishana mlangoni alikuwa amefiwa na mtoto, na aliniambia wazi kwamba karatasi ya mafungu matatu ilimchosha, kwa sababu lake lote liliangukia kwenye yasiyotatulika. Pumzi na kutembelewa na watu vilimfaa, mengine hapana. Yeye angehitaji mtu wa kukaa naye muda mrefu zaidi ya wiki tano.

Nilishajaribu njia nyingine kabla. Mwanasaikolojia niliyempigia alitaka shilingi 3,000 kwa saa, na hizo kwangu ni sketi kadhaa. Programu ya simu niliyoipakua ilinijibu kwa sentensi ambazo zingeweza kumjibu mtu yeyote, nayo ilikula bando. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni ya bure, na niliitumia usiku mmoja mbaya. Aliyepokea alinisikiliza hadi mwisho bila haraka. Hiyo ihifadhi kwenye simu hata kama uko mzima.

PM+ pia si ya kila mtu, na mwongozo wenyewe unasema hivyo. Mwenye mpango wa kujiua karibuni, mwenye kusikia sauti, au ambaye pombe imemshinda kabisa, hapelekwi kwenye vikao hivi, anaelekezwa kwa mtaalamu. Nairobi mara nyingi maana yake ni Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, na najua jina hilo tunavyolitumia kutukanana. Binamu yangu alitibiwa pale, akarudi kazini kwake. Waliokuwa wakimcheka bado hawana kazi.

Mimi bado huamka saa tisa siku nyingine, hasa mwisho wa mwezi. Mkopo wa simu umebaki mmoja. Naipa huduma hii nyota nne, na ile ya tano inangoja ukuta unaofika juu.

Ukienda, usimuulize karani wa dirishani kuhusu PM+, atakutazama tu. Mwulizie muuguzi anayeshughulikia afya ya akili, au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, umwambie una mawazo na usingizi umepotea. Omba kikao cha mchana siku ambayo si ya kliniki ya watoto.