Gundi nyeupe ya mbao: nimeitumia kwenye viti, droo na kitanda

Kwa matengenezo ya ndani ya nyumba sioni sababu ya kununua gundi ya bei kali. Hii nyeupe ya maji, PVA, imenitosha. Ikikauka vizuri kwenye mbao zilizokutana ubavu kwa ubavu, ukizilazimisha ziachane huwa inapasuka mbao kabla ya gundi.

Kazi yenyewe ni maandalizi. Nilikuwa na kiti cha mninga kinachocheza miguu. Nilikigonga kwa nyundo ya mpira, ulimi, yaani ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu, ukachomoka na ganda gumu la gundi ya zamani. PVA mpya haishiki juu ya ganda kama hilo, na wengi wanaolalamika kwamba gundi ni feki wameipaka hapo hapo. Nililoweka kitambaa kwenye siki ya uvuguvugu, nikakifunga juu yake mpaka likalainika, kisha nikakwangua kwa patasi hadi mbao ikaonekana. Baada ya kukauka nikapaka ulimi na kuta za tundu, nikagonga. Klampu ndefu sina, kwa hiyo nilikata mpira wa ndani wa baiskeli uwe utepe, nikauvuta na kuuzungusha miguuni. Gundi ikachungulia kwenye ungio pande zote, ndivyo inavyotakiwa. Ifute mapema kwa kitambaa chenye maji, la sivyo ukipaka vanishi itaacha baka. Saa moja ya kubana inatosha, ila kukalia kiti ni kesho yake.

Udhaifu wake: haizibi mwanya. Ulimi ukipwaya, ongezea kipande chembamba cha mbao kwanza, au tumia epoksi ya mirija miwili kama Araldite. Ile ya poliurethani inayotoa povu hujaza nafasi kwa macho tu, povu halina nguvu. Pia mbao zilizokutana kichwa kwa kichwa PVA haizishiki vizuri, kwa sababu vinyweleo vya mbao huinyonya. Na joto kali huilegeza, kwa hiyo meza inayoshinda juani si yake.

Kwa vitu vya baraza soma lebo. Viwango vya Ulaya vya EN 204 huanzia D1 hadi D4: D1 ni ya mahali pakavu, D3 huvumilia maji ya muda mfupi, D4 ndiyo ya nje. Titebond III ya Marekani inastahimili maji vizuri, lakini hata yenyewe watengenezaji wanasema isitumike chini ya maji, kwa hiyo wenye ngalawa wasiifikirie.

Kingine, nunua iliyofungwa kiwandani. Duka moja lilinipimia ya ndoo, na ilikuwa nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Fremu ya kitanda niliyoipaka iliachia tulipokisogeza tu.