Vikopo vya kunyonya unyevu: miezi minne kabatini mwangu

Nilivinunua Juni, wiki ile baridi ilipoingia Nairobi. Nilikuwa nimetoa koti la mume wangu kwa ajili ya harusi nikakuta kola imeota kuvu ya kijivu, laini kama vumbi la chaki. Tunaishi nyumba ya chini, South B, na hadi Agosti dirisha la chumba cha kulala halioni jua. Mtoto wetu ana pumu na usiku huo alikohoa hadi saa nane. Sikutaka kungoja.

Kikopo chenyewe ni cha plastiki. Juu kuna chembe nyeupe za kalsiamu kloraidi, chumvi inayovuta maji hewani, na chini maji hayo hujikusanya. Unabandua foili, unaacha karatasi nyeupe inayopitisha hewa, unakiweka kabatini na kufunga mlango. Nililipa Sh350 kwa kimoja.

Kabatini kinafanya kazi kweli. Siku ya tano chembe zilikuwa zimegandamana kama sukari iliyolowa, na kufikia wiki ya tatu nilimwaga maji karibu nusu lita. Fikiria, maji hayo yote yalikuwa yakilala na mashati yetu! Harufu ya uvundo iliisha na koti, baada ya kufuliwa na kuanikwa juani, halijaota kuvu tena. Sebuleni ni kupoteza pesa bure, kwa sababu hewa mpya yenye unyevu inaingia kila mara. Na kiwekeni pasipopinduka: kimoja kilimwagikia viatu vya ngozi. Yale si maji matupu, ni maji ya chumvi. Hayakauki, yananata, na ngozi ilijikunja ikawa ngumu. Mtoto asiyaguse.

Lakini nyuma ya kabati ukuta uliendelea kuwa mweusi. Fundi wa rangi alitaka kupaka juu kwa juu, nikakataa, maana rangi juu ya kuvu hubanduka tu. Fundi bomba aliweka kiganja ukutani akasema, "Mama, ukuta huu unakunywa maji." Bomba la bafu lilikuwa likivuja ndani kwa ndani. Mwenye nyumba alichukua wiki sita kukubali litengenezwe, wiki sita za mtoto kukohoa, na hilo bado linaniuma.

Baada ya bomba kuzibwa tuliacha ukuta ukauke. Mtoto akiwa kwa shangazi yake, nilivaa barakoa na glavu, nikafungua madirisha na kuusugua kwa brashi, maji na sabuni. Ukitumia Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, tafadhali usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya choo. Hutoka gesi inayochoma mapafu. Kabati tumelisogeza shibiri moja kutoka ukutani, na nguo mbichi hazianikwi tena chumbani. Kipima unyevu kidogo nilichokinunua barabara ya Luthuli, mjini, kilikuwa kikisoma asilimia 78 alfajiri. Sasa kinacheza kwenye 58, na inashauriwa kisipite 60.

Nitavinunua tena? Ndiyo, viwili, vya kabati la nguo, mvua za Machi zikikaribia. Kama ukuta wako una doa linalorudi, hizo Sh350 mpe fundi bomba kwanza.