Tamiya TT-02 yenye bodi ya Subaru: kuijenga, vitu vya kuongeza, na hela iende wapi

Kama unataka gari ya rimoti ya kujenga mwenyewe kuanzia skrubu ya kwanza, siyo ile ya kutoa kwenye boksi ukabonyeza ikaondoka, basi Tamiya TT-02 ndo pa kuanzia na hapo sina wasiwasi kabisa. Chesesi yenyewe ilitoka 2013, Wajapani wa Shizuoka, skeli ya 1/10 (yaani ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi), na inavuta tairi zote nne kwa propela moja inayopita katikati ikaunganisha difu ya mbele na ya nyuma. Yaani ukimaliza kuijenga unaelewa difu inafanyaje kazi kuliko mtu aliyeelezwa na fundi gereji mwaka mzima, kwa sababu zile gia ndogo za ndani unazipanga na kuzipaka grisi kwa mkono wako.

Mi nilichukua yenye bodi ya Subaru Impreza. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza 1997, Richard Burns naye 2000, kwa sisi tuliokua na hadithi za ile rali hakuna bodi nyingine ya kushindana nayo.

Sasa bei. Watu wanaona nje inauzwa dola 150 mpaka 200 hivi kutegemea bodi, wanadhani hesabu imeisha. Ndani ya lile boksi hamna rimoti, hamna risiva (kile kinachopokea mawimbi ya rimoti ndani ya gari), hamna servo ya kukata stelingi, hamna betri, hamna chaja, na rangi pia hamna. Kile kidhibiti cha mota, ESC, kuna seti zinakuja nacho na kuna seti hazina, inategemea zimetengenezwa kwa soko gani, kwa hiyo soma maelezo ya muuzaji mpaka mwisho kabla hujalipa. Mota ya 540 ipo ndani na inatosha kabisa kwa kuanzia, usikimbilie kubadilisha mota.

Hela ya kwanza ya ziada iende kwenye beringi. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu seti nyingi zinakuja na bushi (vipete visivyo na gololi) za plastiki sehemu nyingi ambazo beringi ndo ingetakiwa kukaa, na kwenye barabara zetu za vumbi ile bushi inakula mavumbi yakichanganyika na grisi inakuwa kama msasa, baada ya muda ekseli inaanza kucheza na tairi zinayumba. Na kuzibadilisha baadaye inabidi ufumue gia boksi zote mbili, difu utoe, propela utoe, kazi nzima unarudia upya. Kwa hiyo ziwepo mezani kabla hujaanza kujenga. Nyingi zake ni za ndani 5, nje 11, unene 4, milimita zote, seti kamili za TT-02 zinauzwa mtandaoni na ni nyepesi, mtu akija na begi anakuletea bila shida.

Kitu cha pili ni bisibisi. Skrubu za Tamiya vichwa vyake ni vya Kijapani, JIS, ukitumia bisibisi ya kawaida ya nyota inateleza na kula kichwa, na skrubu zinaingia kwenye plastiki moja kwa moja kwa hiyo unahitaji kusukuma kwa nguvu kidogo halafu unaacha pale pale inapogusa, ukizidisha uzi wa plastiki umekwisha. Ile gia ndogo ya kwenye mota ina kaskrubu ka pembe sita, hakikisha kamekaa juu ya upande bapa wa shafti siyo kwenye mviringo. Na servo, kabla hujafunga ule mkono wake washa rimoti kwanza, trimu (kile kitufe cha kurekebisha stelingi) iwe katikati, ndo ufunge. Maelekezo ya kitabu ni ya picha tupu na pakiti zina herufi, hata mtoto wa sekondari anafuata vizuri, hapo Tamiya nawapa maksi zote.

Kasoro zipo. Shokapu zinazokuja kwenye seti nyingi hazina mafuta ndani, ni springi na msuguano tu, gari ikipita kwenye mawe inadunda dunda haitulii. Shokapu za mafuta za plastiki za Tamiya wenyewe, CVA, zinamaliza hilo tatizo na siyo ghali, ukishazifunga ni gari nyingine. Stelingi nayo inalegalega kidogo hata ikiwa mpya, ila kwa kukimbiza uwanjani unaizoea. Uzuri mkubwa ni gia boksi zimefunikwa vizuri, na gia kubwa ya mota imefunikwa pia, mchanga hauingii kirahisi.

Rangi ndo imenichukua muda kuliko vyote. Bodi ni polikaboneti, plastiki inayoona, na unapaka kwa NDANI siyo nje, ukianza na rangi nyeusi nyeusi halafu zile nyeupe nyeupe zinafuata. Spre ya kawaida ya magari usiiweke, bodi inapinda ikigonga na ile rangi inapasuka na kubanduka yote. Inatakiwa rangi ya polikaboneti, za Tamiya zinaandikwa PS, na shida ni kwamba makopo ya spre ndege hazibebi kirahisi kwa sababu yanalipuka. Waulize wauzaji wa vifaa vya modeli za kujenga au mtu anayekuja kwa meli, au tafuta rangi ya polikaboneti ya chupa ya kupulizia kwa kompresa, hiyo inasafiri kirahisi kidogo. Osha bodi kwa sabuni kwanza, bandika kwa ndani vibandiko vya kuziba madirisha, pulizia nyembamba nyembamba mara nyingi uache ikauke. Ile karatasi laini ya plastiki inayokinga bodi kwa nje unaibandua mwisho kabisa, aisee ile blu inavyotokea inang'aa unasahau shida zote.

Betri: kwa anayeanza chukua NiMH ya volti 7.2, haina mambo mengi. Ukitaka LiPo ya seli mbili angalia ESC kwanza, ESC ya Tamiya, TBLE-02S, haina kinga ya kukata umeme LiPo ikishuka, na LiPo ikishuka chini ya volti 3 kwa seli inaharibika. Hapo bora uweke HobbyWing QuicRun 1060, ina kadaraja (kapini ka kuhamisha) ka kuchagua LiPo au NiMH na maji haiogopi. LiPo chaji kwa chaja yenye balansi (inayosawazisha seli), usiiache peke yake ikichaji, na kama huendeshi wiki hiyo iache kwenye volti 3.8 kwa seli.