Umaliziaji wa dhahabu kwenye bodi za saketi: uzoefu wangu baada ya oda tatu

Meno ya kadi yangu yalianza kuwa ya kijivu mwezi wa nne. Ni kadi ya kupimia joto, yenye meno 40 ukingoni, yaani vipande vya metali vinavyogusana na soketi, na huchomekwa na kuchomolewa kwenye soketi ya bodi mama kila ninapobadilisha kipimo. Ilipofika mikononi mwangu iling'aa manjano kote, kuanzia pedi za kulehemu hadi ncha za meno. Sasa vipimo vilikuwa vinaruka nyuzi mbili tatu bila sababu, nikiisukuma kadi kidogo vinatulia, baada ya saa moja vinaruka tena. Nilipoiweka chini ya hadubini niliona mstari mwembamba kwenye kila jino, pale pale ukucha wa soketi unapopita. Dhahabu ilikuwa imekwisha hapo. Kilichobaki ni nikeli, na nikeli iliyo wazi hujifunika oksidi ambayo umeme hauipiti vizuri.

Bodi hizo nilikuwa nimeziagiza na umaliziaji, yaani tabaka la juu linaloilinda shaba, wa aina ya ENIG kila mahali: nikeli inayojengwa kwa kemikali bila umeme, kisha dhahabu nyembamba ya kuchovya. Niliuchagua kwa sababu nzuri: kadi ina chipu yenye miguu iliyosongamana, na pedi za HASL, yaani zile zinazochovywa kwenye lehemu iliyoyeyuka kisha kupulizwa hewa ya moto, hutoka na vilima vidogo vinavyofanya chipu ikae upande. ENIG ni tambarare. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba dhahabu inayofaa pedi inafaa na meno. Hapo ndipo nilipoanza kusoma kemia yake kwa dhati, na ninaandika uzoefu huu kwa sababu fomu za kuagizia bodi huweka neno "dhahabu" mbele ya vitu viwili ambavyo havifanani kabisa.

Katika ENIG, kinachofanya kazi kubwa ni nikeli. Bodi hutumbukizwa kwenye maji ya moto, karibu nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi, yenye chumvi ya nikeli na haipofosfaiti ya sodiamu. Hakuna waya wa umeme unaofungwa popote. Haipofosfaiti ndiyo inayotoa elektroni, ioni za nikeli zinazipokea, na metali inajijenga juu ya pedi huku viputo vya hidrojeni vikipanda. Shaba peke yake haiwezi kuanzisha mmenyuko huu, kwa hiyo kwanza hupakwa chembe chache za paladi ili ziuwashe. Nikeli ikishaanza kukaa, yenyewe inaendeleza kazi. Abner Brenner na Grace Riddell walieleza njia hii nchini Marekani mwaka 1946, na mpaka leo msingi wake haujabadilika. Kinachotoka si nikeli safi, kwa kuwa fosforasi ya haipofosfaiti huingia ndani yake, na kwenye bodi kiasi chake huwa takriban asilimia 7 hadi 11 kwa uzito. Shikilia hiyo fosforasi, itarudi.

Baada ya nikeli ndipo dhahabu inapokuja, na inakuja kwa njia ya kubadilishana. Maji ya dhahabu hubeba ioni za dhahabu zilizoshikwa na sianidi. Atomu moja ya nikeli inayeyuka na kuacha elektroni mbili, na atomu mbili za dhahabu zinaketi juu ya uso. Nikeli ikifunikwa, hakuna tena wa kutoa elektroni, na mmenyuko unazimika wenyewe. Ndiyo maana dhahabu ya ENIG haiwezi kuwa nene hata ukilipia zaidi. Kiwango cha IPC-4552 cha mwaka 2002, kinachotolewa na IPC, chama cha viwanda vya elektroniki, kilitaka nikeli ya mikromita 3 hadi 6 na dhahabu isiyopungua mikromita 0.05. Nilipiga hesabu ya meno yangu 40, kila moja likiwa na upana wa milimita 1.5 na urefu wa milimita 7. Eneo lote ni sentimita mraba 4.2. Kwa unene wa 0.05, dhahabu yote kwenye meno hayo ina uzito wa takriban miligramu 0.4. Tena ni dhahabu laini, yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukucha wa chuma ukiipitia mara kwa mara, haikai.

Lakini kwa kulehemu, nasema bila kusita, ENIG ni umaliziaji bora niliowahi kuutumia. Lehemu inatambaa kwenye pedi kama maji kwenye kioo kisafi. Bodi nilizozihifadhi kwenye mifuko iliyofungwa kwa zaidi ya mwaka zililehemika sawa na za siku ya kwanza, wakati zile za OSP, ambazo shaba yake hulindwa na utando wa kemikali ya kaboni tu, zilikuwa zimeanza kukataa. Na hapa kuna jambo lililonivutia kuliko yote: kiungo cha lehemu hakishikani na dhahabu. Dhahabu inayeyuka ndani ya bati la moto, metali kuu ya lehemu, kwa muda mfupi kuliko sekunde moja na kutawanyika. Bati linashikana na nikeli iliyokuwa chini, na hapo katikati hujengwa tabaka jembamba la mchanganyiko wa bati na nikeli ambalo ndilo kiungo chenyewe. Kazi ya dhahabu ilikuwa kuilinda nikeli isipate oksidi mpaka siku hiyo. Ikishamaliza, inaondoka.

Oda ya pili nilibadilisha meno. Pedi zilibaki ENIG, meno nikaomba dhahabu ngumu ya mikromita 0.76 juu ya nikeli. Hii huchovywa kwa umeme halisi: bodi inaunganishwa na ncha hasi, na mkondo ndio unaoshusha dhahabu, hivyo unene unategemea mkondo na muda, haujizimi. Ndani ya maji yake huwekwa kobalti kidogo, au nikeli, na kiasi kinachoingia kwenye dhahabu hakifiki hata asilimia moja, lakini kinatosha kuifanya iwe ngumu maradufu na zaidi ya dhahabu safi. Kwenye meno yangu 40 sasa kuna takriban miligramu 6.2, mara 15 ya mwanzo. Ili mkondo uyafikie, kila jino lazima liunganishwe na njia nyembamba inayokwenda hadi ukingo wa bodi, kisha ukingo unakatwa kwa mshazari. Ukiitazama kadi ya namna hii kwa karibu utaona alama ndogo ya shaba mwisho wa kila jino. Ni kovu la njia hiyo, si kasoro.

Tofauti ilionekana mapema. Kwa multimita ya nyaya nne, ukinzani wa jino na soketi ulikaa pale pale baada ya kuchomeka na kuchomoa mara 200, wakati kadi za kwanza zilikuwa zimeanza kuyumba kabla ya mara 50. Hadubini ilionyesha uso uliosuguliwa ukang'aa zaidi, bila kijivu.

Fundi mwenzangu aliuliza kwa nini basi nisiweke dhahabu ngumu bodi nzima. Nilimjibu kwa hesabu nyingine. Dhahabu ikizidi asilimia 3 hivi ya uzito wa lehemu, hujenga na bati fuwele zinazovunjika kwa urahisi, na kiungo kinakuwa kama biskuti. Rojo la lehemu lililopakwa kwa unene wa milimita 0.125 huacha metali nusu ya hapo. Kwa dhahabu ya mikromita 0.05, sehemu ya dhahabu ndani ya kiungo ni kama asilimia 0.2. Ukiweka dhahabu ngumu ya mikromita 1.27, unene unaotumika kwenye meno yenye kazi nzito, inafika karibu asilimia 5. Kila mahali pana dhahabu yake.

Oda ya tatu ndiyo iliyoniumiza. Kiwanda kilikuwa kingine, bei ilikuwa nafuu, na bodi zilifika zikipendeza vilevile. Chipu zenye vijitufe vya lehemu upande wa chini zilikaa vizuri, majaribio yote yakapita. Wiki ya pili kadi moja ilianguka kutoka mezani, kimo cha kiuno tu, na chipu ikang'oka nzima. Pedi zilizobaki kwenye bodi zilikuwa bapa na zenye rangi ya kijivu kilichoiva, karibu nyeusi, bila lehemu juu yake. Nikachukua kadi nyingine ya oda hiyo hiyo, nikaisukuma chipu kwa kucha. Nayo ikatoka.

Mafundi wa bodi wanaliita tatizo hili pedi nyeusi, na chanzo chake kimo katika ule ule ubadilishanaji nilioueleza. Nikeli ikijengeka vibaya, ikawa na vinundu vyenye mifereji mirefu katikati yake, maji ya dhahabu hupenya kwenye mifereji. Ndani huko ioni za dhahabu zinaisha upesi, lakini nikeli inaendelea kuyeyuka na kupeleka elektroni zake kwa dhahabu inayotua juu. Inageuka betri ndogo inayojila. Fosforasi haiyeyuki, inabaki, kwa hiyo uso unajaa fosforasi na kupasuka kama tope lililokauka. Maji ya dhahabu yaliyotumika kwa muda mrefu au kwa ukali uliopitiliza huongeza ubaya, na tabaka la dhahabu huificha hali yote. Ndiyo maana toleo la IPC-4552 la mwaka 2017 liliweka kikomo cha juu cha unene wa dhahabu, si cha chini tu. Dhahabu nene kwenye ENIG imepatikana kwa kuila nikeli. Mimi mwanzoni niliona ripoti inayosema dhahabu ni mikromita 0.14 nikafurahi, sasa nikiona namba hiyo nairudisha oda.

Kiwanda hicho kilikubali kurudisha fedha za bodi, lakini chipu zilizopotea sikulipwa, na saa nilizotumia kutafuta hitilafu kwenye programu, nikidhani kosa liko huko, hazirudi.

Tangu hapo naomba vitu viwili kabla ya kupokea oda: vipimo vya unene vya eksirei kwa nikeli na dhahabu, na picha ya hadubini ya nikeli baada ya dhahabu kuondolewa. Kiwanda cha oda ya pili kilinitumia vyote viwili siku iliyofuata bila maswali. Cha tatu kilinitumia picha ya bodi inayong'aa.

Kwa bodi za mawimbi ya redio ya masafa ya juu sitaitumia ENIG hata hivyo. Umeme wa gigahezi moja kwenye shaba hukimbia ndani ya mikromita 2 za juu tu, na nikeli yenye fosforasi inapitisha umeme vibaya mno kuliko shaba, hivyo mawimbi yanapotea njiani. Huko nimehamia fedha ya kuchovya. Kwa kadi za kupimia, nimebaki na mpango wa oda ya pili, na kadi ya kwanza ya oda ile bado iko kwenye soketi yake.