J'ouvert au mas ya Jumanne: mgeni aingie wapi Trinidad?

Kanivali ya Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago, hufikia kilele Jumatatu na Jumanne zinazotangulia Jumatano ya Majivu. J'ouvert, sherehe ya mtaani, huanza Jumatatu kabla ya alfajiri: unapakwa matope, rangi, hata chokoleti, huku ukifuata ngoma za chuma gizani pamoja na watu waliojigeuza mashetani kwa kujipaka molasi. Nguo kuukuu zatosha. Ukishapakwa, mgeni na mwenyeji hamtofautiani.

Jumanne ni mas, yaani maandamano ya mavazi ya kanivali: manyoya, shanga, malori ya soka (muziki, si mpira) na jukwaa la Queen's Park Savannah. Vazi huagizwa miezi kabla, na bei yake inauma. Picha zitapendeza, lakini jua litakuchoma.

Mfuko ukiruhusu moja tu, mimi nachagua matope.