Pawa saplai ya kujiundia kwa taa ya projekta: uzoefu wangu

Transfoma ya taa kwenye projekta yangu ya filamu za milimita 16 ilipoungua, sikutafuta nyingine. Nilichukua pawa saplai ya kawaida (kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani) ya volti 24, ampea 14.6, nikaifunga kwenye kisanduku cha bati chenye waya wa ethi, nikavuta waya mpaka kwenye taa ya halojeni ya wati 250. Mota na feni havipitii transfoma ile, kwa hiyo sikuvigusa. Taa inakula ampea 10 na ushee. Nikajiona fundi.

Haikuwaka. Yaani iliwaka kufumba na kufumbua, ikazima, ikawaka tena, saplai ikilia tik, tik, tik. Uzi wa tangisteni ukiwa baridi, ukinzani wake (jinsi unavyozuia umeme) haufiki hata moja ya kumi ya ule wa ukiwa moto, basi saplai inadhani ni shoti na inajikata. Transfoma ya zamani ilivumilia pigo hilo. Hizi za kisasa hazina subira.

Dawa ilikuwa themista moja (kipande kinachobadili ukinzani wake kwa joto) ya omu 2, ya ampea 25, kwenye waya wa chanya. Ikiwa baridi inabana umeme, ikipata moto inaachia. Sasa taa inapanda taratibu kama jua la asubuhi. Ila themista yenyewe inachoma vibaya: niliining'iniza kwenye kiunganishi cha kauri, mbali na plastiki, baada ya ile ya kwanza kuyeyusha ala ya waya jirani na kunijazia chumba harufu.

Kosa langu la pili lilikuwa waya. Nilitumia wa milimita za mraba 0.75, mita 2 kwenda na 2 kurudi. Kwenye saplai mita ya kupimia volti ilisoma 24.0, kwenye miguu ya taa 22.9, na waya ulikuwa wa moto mkononi. Nimeweka wa 2.5, kisha nikageuza kile kiskrubu cha kurekebisha volti mpaka nikapata 22.8 kwenye taa ikiwa inawaka (kupima bila taa ni kujidanganya). Utasema si volti zilezile? Ndiyo, lakini sasa hakuna kinachopikwa njiani. Mwanga umepungua kama asilimia 15 kuliko kwenye volti 24 kamili, nyeupe imeelekea njano kidogo, na taa inatarajiwa kuishi karibu mara mbili. Mimi naona biashara nzuri, maana taa hizi si za kuchezea, na huwa naishika kwa kitambaa ili mafuta ya vidole yasiguse kioo.

Kilichobaki kunikera ni hiki: ukizima na kuwasha papo hapo, themista bado ni ya moto, haibani kitu, na ile tik, tik inarudi. Nimeandika kwa kalamu nene juu ya kisanduku: SUBIRI DAKIKA 2.