Bibu ya mtoto: kitenge au taulo?

Kwa kushona bibu, kile kitambaa cha kumfunga mtoto kifuani asilowe, vipande vya kitenge vinavyouzwa Makoroboi, Mwanza, vinashawishi: maua mekundu, bei ndogo, na cherehani hupita juu yake bila taabu. Lakini kitenge kipya kina wanga, hakinywi maji. Mate ya mtoto anayeota meno huteleza juu yake mpaka kwenye gauni. Kifue kwanza, kianike, ndipo ukate. La sivyo kitapungua kikifuliwa baada ya kushonwa, na bibu itajikunja pembeni.

Taulo ni jambo jingine kabisa. Zile nyuzi zake zilizojikunja hunywa mate, mchuzi wa sato, uji wa ulezi, vyote. Taabu iko kwenye kingo: ukilikata tu linamwaga nyuzi, na bila ovaloki, yaani mshono wa kuzuia nyuzi kingoni, au utepe wa kuzungushia, halifiki mbali. Hukawia kukauka pia, hasa mvua za Aprili.

Mimi nachagua taulo la zamani lililokwisha kulainika, kitenge nikiweka upande wa nyuma. Na shingoni, jamani, kishikizo kinachoachia kikivutwa, si kamba ndefu. Mtoto akisinzia, mvue bibu.